Ahadi ya Herufi: Tafakuri juu ya Tahajia ya Kiingereza, Ulimi wa Mluo na Kicheko

Jina la Kisian, kituo kidogo kilichoko magharibi ya mji wa Kisumu mahali ambapo barabara ya Bondo huachana na ile ya Busia, lina silabi tatu: Ki-si-an. Watoto wa huko hulitamka hivyo, na makondakta wa matatu huliita hivyo wanapotafuta abiria. Lakini mgeni aliyelelewa katika Kiingereza, akiliona jina hilo kwenye kibao kwa mara ya kwanza, haoni silabi tatu. Huona mwisho wa maneno anayoyajua tangu utotoni, *Asian*, *Persian* na mengine ya ukoo huo, na kwa kufuata mazoea yake hulitamka kwa silabi mbili, katikati akitia ile sauti ambayo si *s*, si *z*, wala si *sh* kamili, na ambayo tahajia ya Kiswahili haina herufi yake. Mgeni huyo amezifuata kanuni za lugha yake kwa uaminifu, na amekosea.

Hapana anayemcheka. Kisian si kijiji kisichozoea wageni: hapo pana kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ambacho kwa miongo mingi kimewaleta pamoja watafiti wa mataifa mbalimbali, na wenyeji wamekwisha kulisikia jina la kwao likitamkwa kwa namna nyingi. Mgeni husahihishwa kwa upole, au huachwa. Lakini mwenyeji yuleyule aliyemvumilia mgeni akienda Nairobi na kusema kwamba ameleta *fis* kutoka ziwani, akiwa na maana ya samaki kwa Kiingereza, patakuwa na watu wa kuangua kicheko. Na wengi wa watakaocheka hawatakuwa Waingereza, bali Wakenya wenzake. Vijana wana neno la jambo hilo. Husema kwamba mtu “ameshrabu”, yaani ametamka Kiingereza au Kiswahili kwa ulimi wa lugha yake ya kwanza.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja: je, aliyetamka hivyo amefanya kosa, na kama amelifanya, ni kosa la aina gani? Swali hili huachiwa walimu wa fonetiki, ambao hulijibu kwa orodha za sauti. Mimi naliona kuwa ni swali la maadili kwanza, na la uhakiki wa fasihi baadaye, kwa sababu waandishi wetu wamelitumia kosa hilo, au hicho kinachoitwa kosa, kujengea wahusika wao.

Ahadi

Yafaa tuanze na kile ambacho herufi humwahidi msomaji. Mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili au Dholuo huingia katika mkataba ulio rahisi. Huambiwa kwamba herufi hii ina sauti hii, na kwamba akiziunganisha sauti atalipata neno. Mkataba huu hauna umri mkubwa. Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870, alishika kanuni kwamba irabu zisomwe kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza, na ndipo tulipopata kuandika *sh* kwa herufi mbili. Kabla ya hapo Waswahili walikuwa wakiandika kwa hati ya Kiarabu, ambamo *shini* ni herufi moja, inayopambanuliwa na *sini* kwa nukta tatu tu. Wamisionari waliofika Nyanza mwanzoni mwa karne ya ishirini waliandika Dholuo kwa herufi hizohizo za Kirumi, na mwanafunzi wa Maseno, shule iliyoanzishwa mwaka 1906, akajifunza kuziamini herufi kabla hajakutana na Kiingereza kilichoandikwa.

Kisha akakutana nacho. Akaona *debt* na akaitamka *b* yake. Akaona *island* na akaitamka *s*. Akaona *plumber*, *Wednesday*, *listen*, na kila alipoiona herufi akaipa haki yake. Hebu tuitazame *b* ya *debt*, kwa kuwa historia yake inachekesha kuliko matamshi ya mwanafunzi wetu. Waingereza walilipata neno hilo kutoka Kifaransa, likiwa halina *b*, na walikuwa wakiliandika bila *b*. Katika karne ya kumi na sita wasomi waliotaka kuonyesha kwamba neno lina asili ya Kilatini wakaichomeka herufi hiyo, na Waingereza wakaendelea kulitamka kama zamani. Ile *s* ya *island* ni mbaya zaidi, kwa sababu neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale na halikupata kuwa na *s*. Waliitia kwa kulidhania kuwa ni jamaa wa neno la Kilatini ambalo si jamaa yake. Hivyo mwanafunzi anayechekwa kwa kuitamka *s* hiyo amenaswa na mtego uliotegwa na wasomi wa Kiingereza waliokosea. Ongeza hapo kwamba William Caxton alianzisha kazi ya kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476, wakati irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa katikati ya safari ya kuhama mahali pake kinywani. Chapa ikazigandisha herufi huku sauti zikiendelea kusafiri. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 hakuwa na la kufanya ila kuyathibitisha mengi ya yaliyokwisha kuganda.

Kwa hiyo katika kundi hili la maneno msomaji wetu hakuvunja ahadi. Aliyevunja ahadi ni herufi. Yeye amefanya kile ambacho maandishi yalimtaka afanye, na Kiingereza chake alikipata kwa maandishi zaidi kuliko kwa masikio, kwa kuwa walimu wake nao walikipata vivyo hivyo. Kumcheka mtu wa namna hii ni kumcheka mtu aliyeamini.

Lakini *fis* ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wanaoitetea lahaja ya Kiingereza cha Afrika Mashariki huchanganya mambo. Dholuo haina sauti ya *sh*, wala ya *z*, wala ya *v*. Neno la Kiswahili *shilingi* lilipoingia katika Dholuo likawa *siling*. Mwenye kusema *fis* hakudanganywa na herufi. Herufi *s* na *h* zipo mbele yake na zimeandikwa waziwazi. Yeye amezipitisha katika kinywa ambacho hakikuwa na mahali pa kuziweka. Na sasa mtazame mtu huyohuyo anaposoma *sugar*. Akisema *suga*, amefanya jambo gani? Ulimi wake haukuwa na *sh*, ni kweli, lakini pia karatasi haikuwa nayo. Ametamka kilichoandikwa. Sauti ya *sh* katika Kiingereza hujificha ndani ya *sugar*, ndani ya *nation*, ndani ya *ocean*, ndani ya *machine*, ndani ya *special*, na kila mara huvaa nguo nyingine. Mtu ambaye lugha yake haina sauti hiyo anatakiwa kwanza aijenge kinywani, halafu aitafute mahali ambapo haionekani. Masikio ya wanaocheka hayatofautishi *fis* na *suga*; kwao yote mawili ni “ulimi wa Mluo”. Katika neno la kwanza palikuwa na jambo la kujifunza ambalo halijafikiwa. Katika la pili palikuwa na usomaji sahihi wa maandishi yasiyo sahihi.

Kicheko kina matokeo. Aliyechekwa mara nyingi kwa *s* yake huanza kuiogopa, naye huitia *sh* hata mahali pasipoihitaji. Wanaisimu hukiita kitendo hiki usahihishaji wa kupita kiasi, na tangu uchunguzi wa William Labov wa mwaka 1966 katika jiji la New York inafahamika kwamba huwapata zaidi wale wanaotamani kupanda ngazi ya kijamii na hawana hakika na mahali pao. Naomba wasomaji walione jambo hilo kwa macho ya maadili. Mtu amefundishwa kutokuamini kinywa chake, na baada ya hapo hawezi kuyaamini hata yale aliyoyajua kwa usahihi.

Haingekuwa haki, hata hivyo, kukishtaki Kiingereza peke yake. Dholuo ina irabu tisa zinazopambanuliwa kwa namna shina la ulimi linavyosogezwa mbele au nyuma, na huziandika kwa herufi tano. Ina toni zinazobeba kazi ya sarufi, na haiziandiki kabisa. Msomaji akikuta *kendo*, hajui kwa herufi peke yake kama anasoma habari za kuoa au za mafiga ya kupikia. Mzaliwa wa lugha huamua kwa muktadha, na mgeni hubahatisha. Kiswahili sanifu nacho kimezificha sauti za Kimvita zenye mpumuo, hivi kwamba *paa* wa mwituni na *paa* la nyumba huandikwa sawa, na Mmvita huambiwa kwamba tofauti anayoisikia si ya sanifu. Hapana tahajia inayotimiza ahadi yote. Tofauti ni kwamba tahajia ya Dholuo inapomdanganya mgeni, anayebeba lawama ni tahajia, au ni Dholuo, ambayo huitwa lugha “ngumu”. Kiingereza kinapomdanganya Mluo, anayebeba lawama ni Mluo.

Kueleweka na kufanana

Msemo wa wanafalsafa kwamba hapana wajibu pasipo uwezo hautufikishi mbali, ingawa huletwa mara nyingi katika mjadala huu. Mluo anaweza kujifunza *sh*. Wako maelfu waliojifunza, na wengi wameijua tangu utotoni kwa kukulia mijini. Swali basi haliwi kama anaweza, bali kama analazimika, na kwa ajili ya nani.

Napendekeza tutenge wajibu wa namna mbili ambao kwa kawaida hufungwa katika tita moja. Wa kwanza ni wajibu wa kueleweka. Huo ninaukubali bila masharti. Mtu anayezungumza hudaiwa na anayemsikiliza, na mahali pengine deni hilo ni la uhai. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko kando ya barabara hiyohiyo iendayo Kisian. Rubani anayeshuka hapo na mwongozaji aliyeko mnarani wanazungumza Kiingereza, na tangu mwaka 2008 wote wawili wanatakiwa wawe wamepimwa kwa kipimo cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye viwango sita, ambacho hudai kufikia angalau kiwango cha nne. Maelezo ya kiwango hicho yanastahili kusomwa na kila mwalimu wa lugha. Yanakubali kwamba matamshi yataathiriwa na lugha ya kwanza ya msemaji au na eneo alikotoka. Yanachodai ni kwamba athari hiyo isizuie wepesi wa kueleweka ila mara nyingine tu. Hivyo basi, katika kazi ambayo neno lisilosikika vizuri laweza kuua mamia ya watu, *fis* imesamehewa mradi ieleweke. Ni katika kazi zisizoua mtu, katika mahojiano ya ajira na katika kumbi za mihadhara, ndiko isikosamehewa.

Wajibu wa pili ni wa kufanana: kwamba nisitosheke na kueleweka, bali nitoe sauti kama ya mtu fulani. Mtu huyo ni nani? Daniel Jones, alipotoa kamusi yake ya matamshi mwaka 1917, alimtaja kwa uwazi wa kusifika. Alisema kwamba matamshi anayoyaeleza ni ya jamaa za kusini mwa Uingereza ambazo wanaume wao wamesoma katika shule kubwa za bweni za binafsi. Hakudai kwamba hayo ndiyo mazuri kupita yote. Waliodai ni waliokuja baada yake, na hasa waliokuja huku kwetu. Kiingereza cha jamaa chache za kusini kikawa ndicho “matamshi” yenyewe, na mengine yote yakawa “athari”. Mskoti, Mwelisi na mtu wa Yorkshire nao wana athari zao, lakini zao huitwa lafudhi, na watu huzipenda.

Nimewahi kukaa katika baraza la kutahini tasnifu, katika chuo ambacho sitakitaja, mtahiniwa akitetea kazi nzuri juu ya masimulizi ya kando ya ziwa. Mtahini mmoja alimkatiza mara tatu kumsahihishia matamshi. Hapana hata moja kati ya maneno hayo matatu ambalo halikueleweka. Angalikuwa hakuelewa, asingaliweza kusahihisha. Huu ndio ushahidi ninaouona kuwa wa kukata shauri: masahihisho ya matamshi, mara nyingi, yanathibitisha kwamba wajibu wa kwanza umekwisha kutimizwa. Kinachodaiwa ni ule wa pili, na aliyekuwa akiudai siku ile alikuwa Mwafrika mwenye shahada ya uzamivu ambaye, kwa kipimo cha Jones, hangefaulu naye.

Linganisha na kazi ya pale Kisian. Kanuni za utafiti unaohusu binadamu zinadai kwamba mshiriki aelezwe utafiti katika lugha anayoifahamu kabla hajatia sahihi au alama ya kidole. Katika vijiji vya huko lugha hiyo ni Dholuo. Humo wajibu wa kueleweka umegeuzwa uso: anayedaiwa ni mwenye elimu, na anayestahili kuelewa ni mama aliyeketi kibarazani na mtoto mwenye homa. Hapana anayejali kama mtafiti anafanana na mama huyo kwa sauti. Anatakiwa aeleweke, basi.

Kicheko katika fasihi

Mwezi Oktoba mwaka 1968 Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngugi wa Thiong'o walitoa hoja yao maarufu ya kuifuta Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi. Idara ikageuka, mitalaa ikageuka. Sauti haikuguswa. Fasihi simulizi ya Waluo ikaingia darasani ikifundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliyeijua fasihi hiyo kuliko wenzake angeweza bado kuona haya kuifafanua kwa kinywa chake. Ngugi ameeleza katika *Decolonising the Mind* (1986) jinsi watoto walivyoaibishwa kwa kupatikana wakisema Kigikuyu katika uwanja wa shule. Adhabu hiyo ilikuwa ya kuchagua lugha isiyotakiwa. Ya matamshi ina ukatili mwingine, kwa kuwa humpata hata yule aliyechagua lugha iliyotakiwa.

Waandishi wa Kiingereza walikuwa na desturi ambayo sisi tuliirithi bila kuichunguza. Katika riwaya zao maneno ya bwana huandikwa kwa tahajia sanifu, ingawa bwana hatamki nusu ya herufi hizo. Maneno ya mtumishi huandikwa kama yanavyosikika. Sam Weller wa Charles Dickens, katika *The Pickwick Papers* (1836–1837), hubadilishana *v* na *w* mbele ya macho yetu kila afunguapo kinywa. Ukilitafakari jambo hili utaona kioja: mtumishi ndiye pekee ambaye tahajia imemtendea kweli. Bwana amefichwa nyuma ya herufi zake, naye hachekwi. George Bernard Shaw aliliona tatizo hili. Katika *Pygmalion*, iliyochezwa kwanza mwaka 1913, alianza kuyaandika matamshi ya Eliza kwa herufi za kubuni, kisha baada ya mistari michache akaacha, akisema kwamba haiwezekani kuendelea pasipo alfabeti ya kifonetiki. Nashuku kwamba kulikuwa na sababu nyingine. Tamthilia ambayo hoja yake ni kwamba muuza maua ana utu sawa na wa bibi wa kasri haiwezi kumweka muuza maua katika tahajia ya aibu kwa maonyesho matano.

Kwetu, mfano unaofaa kuchunguzwa ni Mulili katika *Betrayal in the City* (1976) ya Francis Imbuga. Mulili ni binamu wa mtawala, ni msaliti na mlafi, na Kiingereza chake kimevunjika. Wahusika wenye dhamiri husema Kiingereza kilichonyooka. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari vimemcheka Mulili, na mhakiki anaweza kuitetea desturi hiyo kwa hoja nzito: Mulili ana nguvu. Kumcheka ni kucheka kwa kuelekea juu, na ndivyo wanyonge walivyowacheka wakubwa tangu hadithi za Sungura. Utetezi huohuo unafaa kwa kikundi cha Redykyulass, ambacho mwishoni mwa miaka ya 1990 kiliigiza sauti ya Rais Moi mbele ya taifa zima, wakati ambapo si miaka mingi iliyopita mtu angalifungwa kwa utani huo. Hata jina la kikundi lilikuwa tahajia iliyoasi, neno la Kiingereza lililoandikwa jinsi linavyotamkwa.

Naukubali utetezi huo nusu. Kicheko kinachoelekezwa juu hakisimami huko. Lafudhi si mali ya mtawala. Ameigawana na mamake, na mwuza dagaa, na mwalimu wa chekechea. Anapochekwa kwa wizi wake, anachekwa yeye. Anapochekwa kwa *s* yake au *r* yake, wanachekwa wote wenye *s* na *r* hizo, nao wako ukumbini, pengine wakicheka pia. Tena kuna hatari iliyo kubwa zaidi katika Mulili: msomaji hufundishwa kuhukumu moyo kwa ulimi. Akishafundishwa hivyo, atakapokutana na mlafi mwenye Kiingereza cha kunyooka, ambaye katika historia ya Kenya ndiye aliyekuwa hatari kuliko Mulili, hatamtambua. Hii ni dosari ya tamthilia ambayo kwa mengine ninaiheshimu.

Kwamba kuhukumu kwa ulimi si mchezo, Biblia ilikwisha kusema. Katika sura ya kumi na mbili ya Waamuzi, Wagileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja lenye *sh*. Waefraimu hawakuwa na sauti hiyo, walisema *s*. Kitabu kinahesabu elfu arobaini na mbili waliouawa. Kila niisomapo habari hii nakumbuka kwamba ulimi wa Mluo ungeanguka upande wa waliouawa, kwa herufi ileile. Nakumbuka pia kwamba baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabara nchini mwetu na kutakiwa waonyeshe vitambulisho, ili majina yao yawaseme. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake mwaka 2008, iliandika vifo 1,133. Mahali pengine ilitosha kuona *O* mwanzoni mwa jina. Herufi ilifanya kazi ya ulimi, na ilifanya kwa haraka zaidi, kwa kuwa *O* haiwezi kufundishwa kujificha.

Karatasi isiyo na lafudhi

Jambo hili linanilazimisha kuirudia tahajia ya Kiingereza niliyoishtaki hapo juu na kuisemea neno jema. Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha katika wosia wake fedha za kuibunia lugha hiyo alfabeti mpya, na mwaka 1962 tamthilia yake moja ikachapishwa kwa alfabeti hiyo. Haikwenda popote. Noam Chomsky na Morris Halle, katika kitabu chao cha mwaka 1968, walidai kinyume kabisa: kwamba tahajia ya Kiingereza inakaribia kuwa bora, kwa sababu huhifadhi udugu wa maneno ambao sauti huuficha. *Sign* ina *g* isiyotamkwa kwa ajili ya *signature*, ambamo hutamkwa. Herufi hapo hazikuahidi sauti, ziliahidi ukoo.

Mimi nina sababu yangu ya tatu. Tungesema Kiingereza kiandikwe kama kinavyotamkwa, tungeulizwa mara moja: kinavyotamkwa na nani? Jibu lisingekuwa Kisumu. Ingekuwa London, au jiji la Marekani, na hapo Mluo angekosea mara mbili, kwa kinywa na kwa kalamu. Ilivyo sasa, tahajia ya Kiingereza haifanani na kinywa cha mtu yeyote aliye hai, na kwa hiyo sote, Mwingereza na sisi, tunaikariri kama wageni. Grace Ogot aliandika Kiingereza chake, na karatasi haikumuuliza anatamkaje. *Sugar* ya Mluo kwenye karatasi haina tofauti na *sugar* ya mfalme wa Uingereza.

Kiswahili hakina huruma hiyo. Kwa kuwa herufi zetu hutimiza ahadi, huusaliti ulimi wa mwandishi. Mtoto wa Kisian anayeandika *sindano* akikusudia *shindano*, au *kusuka* akikusudia *kushuka*, ameacha lafudhi yake kwa wino, na msahihishaji aliyeko mbali, asiyemjua, anajua mara moja alikozaliwa. Katika insha za KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, makosa ya tahajia yalipunguza alama. Mtoto wa Lamu mwenye fikra hafifu hakupoteza alama hizo. Mtoto wa Kisian alizipoteza katika Kiswahili, lugha ya taifa lake, ambayo sisi wenye kuifundisha tumezoea kuisifu kwamba huandikwa kama isemwavyo na kwamba kwa sababu hiyo ni ya haki kuliko Kiingereza.

Sijui mwalimu wa Kiswahili ambaye angekubali *sindano* ipite pale *shindano* ilipotakiwa, wala mimi siwezi, kwa kuwa maana imegeuka. *Kusukuru* ni jambo jingine. Hapana neno jingine linaloweza kuchanganywa nalo. Limeeleweka, na kilichokosekana ni kufanana. Kati ya makosa hayo mawili mwongozo wa kusahihisha unaoyahesabu yote kuwa tahajia hauoni tofauti, ilhali vitambulisho vya wazazi wa mtoto huyohuyo vinaandika *Achieng* pasipo ile alama ndogo ya juu inayoifanya *ng'* kuwa *ng'*, na hapana karani aliyepata kukatwa alama.